Supu ya mwani au faili la Seoul? Njia za kumlea mtoto aliyeasiliwa kutoka Korea, zikilinganishwa

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mwani unalimwa, unaanikwa, unatiwa kwenye magunia na kusafirishwa, chunguni hauingii. Nikaja kukaa St. Paul, Minnesota, na sasa kila Machi nautia chunguni kwa mikono yangu mwenyewe. Binti yetu alizaliwa Korea Kusini, na Mkorea siku yake ya kuzaliwa hula miyeok-guk, supu ya mwani. Nilipika miaka mitatu mfululizo kabla sijaambiwa maana yake. Kumbe ni supu ya mzazi. Mwanamke wa Kikorea akijifungua hupewa hiyo, kama kwetu anavyopewa uji wa pilipili manga. Mtoto akiila kila mwaka, anamkumbuka aliyemzaa.

Nilikaa kitako. Miaka yote mitatu nilidhani nampa mtoto chakula cha kwao, na kumbe nilikuwa namwekea mezani jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa analitaja.

Mume wangu na marehemu mkewe walimwasili mwaka 2011 akiwa na miezi kumi na minne. Mimi nilimkuta ana miaka sita, meno ya mbele hayapo, na kabatini hanbok mbili, nguo za Kikorea za sikukuu, zilizokwisha kumbana. Minnesota watoto walioasiliwa kutoka Korea ni wengi sana, vizazi viwili vitatu sasa, kwa hiyo baadhi yetu Waswahili tuliooa au kuolewa huku tunajikuta ndani ya familia hizi. Wenzangu huniuliza: kambi au shule? Tumpeleke Korea mdogo au mkubwa? Mama yake tumtafute? Nimeyapanga maswali hayo mawili mawili, na kila njia naipima mara mbili: inampa nini cha Ukorea wake, halafu inamsaidia nini kwenye swali la kuasiliwa, yaani nani alinizaa, kwa nini niko hapa. Mizani hizo hazipandi pamoja. Wazazi wengi tunachagua kwa ile ya kwanza, kwa sababu ina ngoma na chakula.

Historia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini naogopa karatasi. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, mkulima wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha waliasili watoto wanane kwa mpigo mwaka 1955, na mwaka uliofuata likazaliwa shirika la kuasilisha watoto lenye jina lao. Tangu hapo watoto wapatao 200,000 wametolewa Korea Kusini kwenda Marekani, Ufaransa, Sweden, Denmark, Norway na kwingine. Mwaka 1985 peke yake waliondoka zaidi ya 8,800. Wa mwanzo wengi walikuwa watoto wa askari wa kigeni. Baadaye watoto wa mafukara. Mwishoni karibu wote watoto wa wanawake wasioolewa, kwenye jamii inayohesabu ukoo kwa damu ya baba na kumwonea haya mama asiye na mume. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilitangaza kwamba serikali ilikiuka haki za watoto hao: wapo walioandikishwa yatima wakati wazazi wao wanajulikana, wapo waliopewa utambulisho wa mtoto mwingine. Oktoba mwaka huohuo Rais Lee Jae-myung akaomba radhi.

Usidhani ni habari za Wakorea peke yao. Kongo (ile ya Kinshasa) ilizuia watoto walioasiliwa kuondoka nchini mwaka 2013, Kenya ikasimamisha kuasilisha watoto kwa wageni 2014. Waliokwisha kuondoka kabla ya hapo leo ni vijana, na wanauliza haya haya.

Kambi ya kiangazi au shule ya Jumamosi

Kambi ni siku chache, aghalabu haizidi wiki, watoto wakiwa likizo. Mtoto anapiga ngoma ya janggu, anarusha mateke ya taekwondo, anakunja gimbap (wali uliofungwa kwa mwani), anapiga picha na hanbok. Ukipima kwa utamaduni, ni kuonja tu. Ni kama kumvisha mtoto wa ughaibuni kanga siku moja, ukamfundisha kusema shikamoo, ukadhani umemlea Kiswahili. Wetu alirudi na neno moja, annyeong, yaani hujambo, na hilo tayari alikuwa nalo.

Lakini kwa mizani ya pili, kambi ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye tangazo. Wanaosimamia watoto mara nyingi ni vijana ambao wenyewe waliasiliwa. Watoto wanalala chumba kimoja, na usiku wanazungumza yale wasiyotuambia sisi. Mwaka wa kwanza, akiwa na miaka tisa, tulipokuwa njiani kurudi alisema kama anayejisemea: "Kule hakuna aliyeniuliza kwa nini sifanani na baba." Hakuongeza. Kwangu ada ya kambi ililipwa na sentensi hiyo.

Shule ya Jumamosi ni kinyume chake. Aghalabu iko kwenye kanisa la Kikorea, na inafundisha kweli. Herufi za hangul, zilizotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ni 24 tu. Mtoto makini anazisoma baada ya wiki chache. Tatizo ni kwamba wanafunzi wenzake ni watoto wa wahamiaji, wana eomma na halmoni, mama na bibi, nyumbani wanaowagombeza kwa Kikorea tangu asubuhi. Wetu alikuwa anaingia na baba mweupe mrefu na mama mwenye ushungi. Siku moja mwalimu, bila ubaya wowote, akamuuliza mbele ya darasa: wewe Mkorea, mbona Kikorea hujui? Mtoto wa miaka minane atajibu nini? Tulimwondoa. Tulikosea kumpeleka mapema, na tulikosea zaidi kutomwandaa kwa swali ambalo kila mtu mzima angeliona linakuja.

Kwa hiyo, kama fedha zinatosha jambo moja, kabla ya miaka kumi chagua kambi. Lugha isubiri atakapoitaka mwenyewe, na ianze pale ambapo wote hawajui: mwalimu wa nyumbani, au kambi ya lugha kama ile ya Concordia Language Villages hapa Minnesota, ambako Kikorea kinafundishwa kwa wanaoanza sifuri. Sisi tulipata mwanafunzi wa chuo kikuu, Mkorea, anakuja Alhamisi. Ninakaa naye mezani nami najifunza. Mwanafunzi mbovu mimi, nachanganya irabu, na binti yangu hapendi kitu duniani kama kunisahihisha.

Jina: kulibadili, kulificha katikati, au kuliacha

Hapa pwani yetu ina la kusema. Mtoto wa kupanga kwetu Waislamu anaitwa kwa jina la baba aliyemzaa. Unamlisha, unamsomesha, unamwoza, nasaba yake huigusi. Marekani mahakama ikimaliza kazi, jimbo linatoa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi walioasili, kana kwamba wao ndio waliojifungua. Mara ya kwanza kukiona cha binti yetu nilikisoma mara mbili.

Wapo wanaoacha jina la Kikorea liwe la kwanza. Mtoto anabeba kazi ya kulieleza kila siku shuleni. Wapo wanaoliweka katikati, kama sisi, linapumzika, linasubiri. Wapo wanaolifuta. Mimi kufuta nimekataa, na sababu yangu ni kavu kabisa: faili lililoko Korea linatafutwa kwa jina hilo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kesi. Ila usimwambie mtoto "hili ndilo jina alilokupa mama yako" kabla hujahakikisha. Majina mengi yalitolewa na wafanyakazi wa shirika au wa kituo. Fleur Pellerin, aliyekuwa waziri nchini Ufaransa, aliokotwa mtaani Seoul akiwa mchanga. Mtoto wa namna hiyo jina lake la Kikorea limetoka kwa aliyeshika kalamu. Ni lake bado. Lakini hadithi yake isemwe ilivyo.

Nyumba kubwa nje ya mji au ndogo ndani ya mji

Hili halimo kwenye vipeperushi vya utamaduni, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko kambi na shule ukizijumlisha. Mume wangu alikuwa na nyumba nzuri kitongojini, shule za sifa, na mtoto wetu alikuwa Mwasia peke yake darasani. Nilimwomba tuhame. Alinionyesha alama za mitihani ya shule; mimi nikamwonyesha picha ya darasa.

Machi 2021 mtu mwenye bunduki aliua watu wanane kwenye maduka ya kukanda mwili huko Atlanta na viunga vyake, sita wakiwa wanawake wa Kiasia. Binti yetu alikuwa ametimiza miaka kumi na moja. Mume wangu anayejua kukunja hanbok vizuri kuliko mimi alikosa la kumwambia. Mimi, mwanamke mweusi jirani na Minneapolis, jiji ambako polisi alimuua George Floyd mwaka uliotangulia, ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu, nilikuwa nimekwisha kuyasema maneno hayo kwa watoto wa dada yangu. Nikayasema tena. Ngoma ya janggu haina somo la siku kama ile.

Sasa tuko St. Paul, nyumba ina bafu moja, na darasani kwake wapo Wahmong (Waasia wenye asili ya Laos), Wasomali, Wakenya. Wahmong si Wakorea na yeye anajua. Ila akiingia dukani hakuna anayegeuka.

Safari ya kikundi au ya familia peke yenu

Mashirika yanaandaa ziara za familia kwenda Korea. Faida yake: kabla mafaili hayajahama mwaka 2025 ulikuwa unapelekwa ofisini kuona faili, mnaweza kukutanishwa na mama mlezi aliyemlea mtoto kabla hajaondoka, kuna wafanyakazi wa ustawi wa jamii na kuna watoto wengine wenye hali moja. Hasara: basi, kasri la Gyeongbokgung, basi, makumbusho, basi. Na mwenyeji wenu ndiye aliyemtoa mtoto. Hadithi mtakayosimuliwa ni ile anayopenda kuisimulia.

Mkienda wenyewe mnatembea kwa mwendo wa mtoto. Akichoka mnalala. Akilia, hata hivyo, hakuna mtaalamu, ni nyie na chumba cha wageni.

Sisi tulienda wenyewe mwaka 2023, ndege ya moja kwa moja kutoka Minneapolis hadi Incheon. Sokoni Seoul mama muuza hotteok, maandazi ya Kikorea, alimwongelesha binti yangu kwa kasi, yeye akaganda. Nikatokea mimi nyuma na ushungi wangu na annyeonghaseyo ya kuokoteza. Yule mama alicheka hadi akashika meza, akatuongeza andazi la bure. Binti naye alicheka; ningekuwa sipo pale, sijui kama angecheka.

Shirika lilikubali kutukutanisha na mama mlezi. Alikuja na picha: yeye jikoni, mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitambaa kizito chenye mikanda, podaegi. Nikasema kwa sauti, "Mbeleko!" Marehemu mke wa mume wangu aliandika kwenye daftari lake kwamba wiki za kwanza Marekani mtoto hakulala kitandani hata kidogo, akawa analia usiku kucha, na daktari wa watoto akashauri waache alie mpaka azoee. Miezi kumi na mitatu alikuwa amelala mgongoni kwa mtu. Mwanamke yeyote wa Tanga angewaambia.

Ushauri wangu: safari ya kwanza iwe yenu, kati ya miaka tisa na kumi na tatu, mle, mcheke, mrudi. Ya pili iwe ya maswali, kwa kikundi, akiwa ameiomba. Kwa hiyo ya pili mimi ningetanguliza watu walioasiliwa wenyewe kuliko mashirika. Mathalani GOA'L, iliyoanzishwa Seoul mwaka 1998 na watu waliorudi kutafuta kwao.

Karatasi za uraia

Hapa hakuna kuchagua, nalipitia haraka. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Februari 2001 iliwapa uraia moja kwa moja walioasiliwa ambao siku ile walikuwa hawajatimiza miaka 18. Waliokuwa wamevuka waliachwa nje, na wapo waliofukuzwa na kurudishwa Korea wasikojua hata kuomba maji. Kama mtoto wenu aliingia kwa viza ya IR-4, ile ya mtoto ambaye kuasiliwa kwake kunakamilishwa Marekani, kama watoto wa miaka ya wetu, hakikisha mahakama ya jimbo ilikamilisha kuasili, kisha omba cheti cha uraia kwa fomu N-600. Msiseme pasipoti inatosha. Kifanyeni wiki hii, hanbok zitasubiri.

Faili: kutafuta sasa au kumsubiri

Wanaosema "sasa" wana hoja. Mama aliyejifungua akiwa na miaka ishirini anazeeka, anahama, anaolewa na mtu asiyejua. Mafaili nayo yamehama: tangu Julai 2025 kazi ya kuasilisha imetolewa mikononi mwa mashirika binafsi na kuwekwa chini ya serikali, na kumbukumbu zinakusanywa kwenye Kituo cha Kitaifa cha Haki za Mtoto cha Seoul. Ombi linapelekwa huko. Kituo kinamwandikia mzazi. Akikubali, mnapewa habari zake. Akikataa au asipojibu, mnapewa zile zisizomtambulisha. Kwa waliookotwa, ambao mzazi hana hata jina, zipo njia za vinasaba: tangu 2020 balozi kadhaa za Korea huchukua sampuli na kuzilinganisha na za familia zinazotafuta watoto wao. Toby Dawson, mtelezaji wa theluji wa Marekani, alipotea sokoni Busan akiwa mdogo. Aliposhinda medali ya shaba Turin mwaka 2006 wakajitokeza watu chungu nzima kudai ni wazazi wake, na ni kipimo cha vinasaba kilichomtambua baba wa kweli mwaka 2007.

Wanaosema "asubiriwe" wana hoja pia, na nzito. Barua ikitoka hairudi. Mama akikataa, aliyekataliwa ni mtoto, kwa mara ya pili, na sasa ana umri wa kukumbuka. Akikubali, mtoto wa miaka kumi anapata ndugu, lugha asiyoijua, pengine maombi ya fedha, pengine siri ya kutunza. Wazazi wanaotafuta mapema mara nyingi, nasema kwa upole, wanajitafutia wao utulivu.

Mimi nimelitenganisha jambo hili vipande viwili, na hapo ndipo ugomvi wangu na mume wangu ulipoisha. Karatasi tumechukua mapema. Kumfikia mtu tumemwachia mwenye mama. Faili la asili, la Kikorea, lichukuliwe nakala mtoto akiwa bado mdogo, na lisomwe na Mkorea mnayemwamini. Msitegemee tafsiri ya Kiingereza mliyopewa zamani. Mwalimu wetu wa Alhamisi alisoma letu ukurasa kwa ukurasa. Tafsiri ilisema baba hajulikani. La Kikorea lilikuwa na mstari mzima juu yake: umri, kazi, na kwamba alikuja hospitali mara moja.

Tulimwambia binti yetu wiki ileile, jikoni, mimi nikiwa nakuna nazi. Wapo watakaosema tulikurupuka. Lakini mstari ule ni wake, na mimi sijui kukaa na haki ya mtu kwenye droo halafu nikamwambia nampenda. Aliuliza maswali mawili: alikuwa na umri gani, na alikuja siku gani ya wiki. La pili hatukuwa na jibu lake.

Mtoto ambaye hajafikia utu uzima anaweza kuomba kwa ridhaa ya wazazi walioasili. Ridhaa tumekwisha kuiandika, sote wawili. Fomu tumeichapisha tangu Januari, iko kwenye droo ya jikoni, chini ya pakiti za mwani. Anajua ilipo.